Kupima Kinga za Nafsi kwa Mfuko Mdogo

Vijana watatu wamefeli mtihani. Wa kwanza anadai mwalimu anamchukia, wa pili anashikilia kuwa matokeo si yake, wa tatu anajitania kisha anafungua daftari upya. Hizo ni kinga za nafsi, yaani njia za mtu kujilinda na maumivu ya moyoni. Kama utafiti wako unataka kuzipima na pesa ni za kuunga, chagua hivi.

Dodoso la kauli 40 (DSQ-40). Lilitolewa mwaka 1993 na Andrews, Singh na Bond. Linapima kinga 20, na kila kauli hujibiwa kwa alama 1 hadi 9. Ukibana maandishi, linaenea karatasi moja pande mbili: watu 150, karatasi 150. Udhaifu wake ni kwamba kila kinga ina kauli mbili tu. Moja ikitafsiriwa vibaya, kinga hiyo haipimiki tena. Tegemea alama za makundi yake makubwa matatu, usitegemee kinga mojamoja.

Dodoso la kauli 71 (REM-71). Lilichapishwa mwaka 2001 na Steiner na wenzake, na linapima kinga 21. Tangu mwanzo lilitengenezwa kwa vijana na watu wazima. Karatasi zinakaribia mara mbili, na vijana wakichoka huweka alama bila kusoma. Lipe kipindi kizima cha asubuhi.

Mahojiano yanayopimwa na wataalamu (DMRS). Mfumo huu wa mtafiti Perry una kinga 30 katika ngazi 7. Ubora wake ni huu: mtu hujikinga bila kujijua, na msikilizaji aliyefundishwa husikia yale ambayo dodoso haliwezi kuyatoa kwa mhusika. Lakini saa moja ya mahojiano hudai saa kadhaa za kuyaandika neno kwa neno, kisha wapimaji wawili waliofunzwa. Kwa watu kumi, inawezekana. Kwa 150, utafilisika.

Gharama zisizoonekana. Dodoso ulilopata bure bado linahitaji ruhusa ya wenyewe. Lipa mtu wa kulitafsiri kwa Kiswahili, na mwingine asiyeona la asili alirudishe Kiingereza. Lijaribu kwa watu wachache kabla ya kuchapa nakala zote. Weka fungu la kibali cha utafiti, kinachotolewa na COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji saini ya mzazi, na fomu zisizorudi ni nauli ya kufuatilia. Ukipunguza bajeti, kata chochote ila tafsiri.

Uamuzi. Watu wazima pekee na muda mfupi: kauli 40. Wanafunzi pamoja na wazazi wao: kauli 71, maana kupima marika mawili kwa vipimo viwili ni kulipia tafsiri mara mbili na kukosa ulinganisho. Wateja wachache wa ushauri nasaha: mahojiano.

Chochote utakachochukua, usimhukumu mtoto mmoja kwa alama zake. Madodoso haya yanaeleza kundi. Kijana mmoja anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza.