Pua ya bluu, pua ya kahawia: kweli na uongo kuhusu baji

Baji, yule kasuku mdogo wa kijani au bluu mwenye mistari mgongoni, asili yake ni nyika kame za Australia, ambako hutembea kwa makundi makubwa akifuata mvua na mbegu za nyasi. Mtaalamu wa ndege John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamezalishwa kwenye matundu karibu dunia nzima. Anayemleta Bukoba au Muleba anamtoa kwenye ukoo wa ukame na kumweka kwenye mwambao wa ziwa ambako mvua ya mwaka hufika milimita 2,000. Pamoja na ndege huja maneno ya muuzaji, na hayo ndiyo tunayoyapima hapa.

"Mwenye pua ya bluu ni dume."

Kweli, lakini kwa ndege mzima tu. Juu ya mdomo wa baji kuna kipande cha ngozi nene chenye matundu mawili ya pua. Kwa dume aliyekomaa ngozi hiyo ni bluu iliyokolea, laini, yenye kung'aa. Kwa jike huwa nyeupe iliyofifia, rangi ya mchanga au kahawia, na anapokaribia kutaga hukauka, hunenepa na kubanduka magamba. Wengi hudhani magamba hayo ni ugonjwa na kuanza kuyakwangua kwa kucha. Yaache.

Wanunuzi hudanganyika kwa makinda. Kinda utamjua kwa mistari myeusi inayofika hadi kwenye paji la uso, na jicho jeusi lote lisilo na duara jeupe. Katika umri huo pua ya dume ni ya waridi au zambarau, rangi moja kote. Ya jike ndiyo yenye bluu hafifu, ila ukiangalia kwa karibu utaona duara jeupe kuzunguka kila tundu la pua. Basi aliyekariri kwamba bluu ni dume huchagua kinda mwenye pua ya bluu, humtafutia jike, na baada ya miezi anajikuta na majike wawili wanaogombana. Majike wa baji hawana utani wakigombea kiota, huumizana kweli.

Halafu kuna weupe wote na manjano wote wenye macho mekundu. Dume wa aina hizo hubaki na pua ya waridi au zambarau maisha yake yote, kwa hiyo usimsubiri awe bluu. Kwake tafuta rangi iliyo sawa kote, bila yale maduara meupe. Tabia nayo husaidia kidogo: dume huimba mfululizo, hutikisa kichwa na kutapika chakula ili amlishe mwenzake, hata kama mwenzake ni kioo. Jike hutafuna mbao, na akikuuma utajua.

"Dume wangu amegeuka jike."

Hapana. Dume mzima ambaye pua yake ya bluu inabadilika polepole kuwa kahawia mara nyingi ana uvimbe kwenye korodani, na uvimbe huo unatoa homoni za kike. Ni moja ya dalili chache ambazo baji huzionyesha mapema, na ni sababu tosha ya kumtafuta daktari wa mifugo kabla hajaanza kukonda au kuchechemea mguu mmoja. Ndiyo maana nasema pua itazamwe kila wiki, hata baada ya jinsia kujulikana.

"Lavubedi naye hutambulika kwa rangi."

Si kweli. Lavubedi wa Fischer, kasuku mdogo mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na duara jeupe la jicho, dume na jike wanafanana kabisa. Anayekuhakikishia kwa kubonyeza mifupa ya nyonga anabahatisha. Jibu la uhakika ni kipimo cha vinasaba au kumwona akitaga.

"Mbegu tupu zinamtosha."

Uongo huu ndio unaoua wengi, tena taratibu. Uwele, ulezi na mtama ni chakula chake, lakini havina vitamini A ya kutosha wala madini ya joto. Baji anayelishwa mbegu peke yake mwaka hadi mwaka hunenepa, ini lake hujaa mafuta, na tezi ya shingo huvimba hadi ikabana njia ya hewa. Utamsikia akitoa mlio mdogo kila anapovuta pumzi. Muleba hakuna kisingizio: mchicha, majani ya maboga na karoti vipo kila gulio. Osha, kata vidogo, mpe asubuhi akiwa na njaa, na usikate tamaa akikataa mara kumi za mwanzo. Ganda la yai lililochemshwa na kusagwa litampa chokaa. Kokoto, wanazoagiza baadhi ya wauzaji, hazihitaji, kwa sababu yeye humenya mbegu kabla ya kumeza, tofauti na kuku.

Kumenya huko kuna mtego wake. Makapi hubaki juu ya kikombe, na mwenye nyumba akipita anaona chakula kimejaa. Puliza kidogo. Mara nyingine chini hakuna hata punje moja, na ndege wa gramu 35 hawezi kukaa bila kula siku mbili. Kwa unyevu wetu angalia pia ukungu: mbegu zinazonuka uvundo zimwagwe, zisianikwe juani na kurudishwa.

"Tunachokula sisi, naye ale."

Kwa ndizi mbivu, kipande kidogo, sawa. Kwa parachichi, hapana kabisa. Tunda hilo lina sumu iitwayo persini, inayoharibu moyo wa ndege wa jamii ya kasuku, na kiasi kidogo chaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Katika mkoa ambao mparachichi uko uani kwa kila mtu, neno hili lisemwe kwa watoto kwanza, maana ndio wanaolisha ndege. Kahawa nayo ni hivyo hivyo, iwe ya kunywa au ile ya kutafuna tunayompa mgeni. Kafeini hupeleka mbio moyo mdogo kama huo. Na senene waliokaangwa wana chumvi nyingi mno kwake. Wabaki kwa wenye meno.

"Jikoni ndiko kwenye joto, mweke huko."

Usifanye hivyo. Mapafu ya ndege yameunganishwa na mifuko ya hewa mwilini, na huvuta hewa kwa ufanisi kuliko yetu, pamoja na sumu iliyomo. Moshi wa kuni na gesi ya mkaa humfikia kabla hujaanza kukohoa. Kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula kikisahauliwa motoni hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache. Mweke sebuleni, mbali na upepo wa mlango, na usiku wa mvua funika tundu pande tatu kwa kitenge.

"Akatwe ulimi, au apewe pilipili, ndipo aongee."

Huu ni ukatili mtupu. Sauti ya ndege inatoka chini ya koo, pale bomba la hewa linapogawanyika, na kukata ulimi kunamwachia jeraha na njaa. Pilipili ndege hata hawaisikii ukali. Baji dume ndiye mwongeaji, akifundishwa akiwa kinda na bila kuharakishwa. Mmoja wa Marekani aliyeitwa Puck, aliyekufa mwaka 1994, aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa maneno 1,728.

"Akiugua, mwekee dawa ya kuku kwenye maji."

Hapana. Kipimo cha kuku hakimfai ndege wa gramu 35, na mgonjwa hanywi maji ya kutosha kupata dozi yoyote. Ndege huficha ugonjwa hadi dakika ya mwisho. Ukimwona amejitutumua manyoya mchana, amekaa sakafuni mwa tundu au mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi, siku hiyo hiyo mpe joto na umtafute daktari. Na tundu lisiwe karibu na banda la kuku, kwani mdondo haubagui.

"Ndege anaweza kumwambukiza mtu."

Kweli, ingawa si mara nyingi. Homa ya kasuku husababishwa na bakteria wanaovutwa pamoja na vumbi la kinyesi kikavu. Mwaka 1929 na 1930 ilisambaa Ulaya na Marekani pamoja na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini. Inatibika kwa antibayotiki, mradi umwambie daktari kwamba unafuga ndege. Lowesha kinyesi kabla ya kusafisha. Wala isichanganywe na Marburg iliyotusumbua Bukoba Machi 2023, kwani hiyo chanzo chake ni popo na huenea kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa.

"Kama baji anaruhusiwa, na kasuku wa kijivu anaruhusiwa."

Si kweli. Baji ni ndege wa kufugwa kutoka nje. Lavubedi wa Fischer ni ndege wa porini wa kaskazini mwa Tanzania, na kasuku wa kijivu huishi kwenye misitu kama Minziro, mpakani na Uganda. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu aliyekamatwa porini imepigwa marufuku tangu Januari 2017, na hapa nchini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayemiliki mnyama wa porini. Ukiletewa mmoja kwenye kikapu, kwa bei yoyote ile, usinunue. Mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya.