Usikariri Kitenzi cha Kifaransa Bila Kihusishi Chake

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kifaransa hukwama mapema kati ya "le" na "lui". Kwetu kiambishi kimoja kinatosha: namtazama, namsaidia, namjibu, namtii. Mfaransa husema "je le regarde" na "je l'aide", lakini "je lui réponds" na "je lui obéis". Wanafunzi wengi hubahatisha, na hakuna haja, kwa sababu jibu limo ndani ya kitenzi chenyewe.

"Regarder" na "aider" humfikia mtendwa moja kwa moja, hivyo huchukua "le", "la" au "les". "Répondre" na "obéir" hutaka kihusishi "à". Anayejibiwa akiwa mtu, "à" pamoja na jina lake hugeuka "lui", awe mwanamume au mwanamke. Wakiwa wengi, "leur". Kikiwa kitu, hugeuka "y": "je réponds à la lettre" huwa "j'y réponds".

Kihusishi "de" kina njia yake. Kwa kitu huzaa "en": "je parle du voyage" huwa "j'en parle", na mwenye kuhitaji kalamu husema "j'en ai besoin". Kwa mtu, "de" hubaki mahali pake: "je parle d'elle". Ndiyo maana "je lui parle" ni kuzungumza naye, ilhali "je parle de lui" ni kumzungumzia, pengine hata hayupo.

Vipo vitenzi vichache vinavyokaidi, navyo ni vya kukariri. "Penser à", "tenir à" na "s'intéresser à" havikubali "lui": ukimfikiria dada yako, sema "je pense à elle". Kwa kitu, "j'y pense" ni sahihi.

Kiswahili nacho kinatusaidia mahali pengine. Tunasubiri basi na kusikiliza redio bila kihusishi, na Kifaransa ni vivyo hivyo: "j'attends le bus", "j'écoute la radio". Anayetafsiri kupitia Kiingereza ndiye huongeza "pour" au "à" isiyotakiwa.

Kwa hiyo, daftarini usiandike "répondre" peke yake. Andika "répondre à quelqu'un", "parler de quelque chose à quelqu'un", "attendre quelqu'un". Kamusi nzuri za Kifaransa huonyesha hivyo hivyo, kwa vifupisho "qqn" vya mtu na "qqch" vya kitu. Ukikijua kitenzi pamoja na kihusishi chake, kuchagua kiwakilishi hakutakusumbua tena.