Taya likivimba, usikimbilie kung'oa jino

Msomaji, ikiwa unaishi Homa Bay au Migori, au wanao wako huko kwa nyanya yao, chungulia kinywa cha mtoto. Meno yakilegea kabla ya wakati wake na taya likivimba, usitosheke na kung'oa jino.

Huenda ikawa saratani ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu yake mwaka wa 1958. Huwapata sana watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, kama haya ya kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka wa 1964 wataalamu wa London walieleza virusi walivyovipata ndani ya uvimbe huo, ambavyo leo huitwa Epstein-Barr.

Wazazi huniuliza, "Daktari, kinga ya mwili ilikuwa wapi?" Swali zuri. Ndani ya chembechembe zetu mna walinzi wanaopapasa RNA, yaani ujumbe unaoiambia chembe itengeneze protini gani. Wakikuta RNA ya nyuzi mbili zilizoshikana hushuku virusi na kupiga kamsa: intaferoni humwagwa, na chembe yenyewe huweza kujiua. Taabu ni kwamba RNA yetu pia hujikunja ikafanana na ya virusi. Ndipo kimeng'enya kiitwacho ADAR1 huibadilisha kidogo ili walinzi watulie. Saratani hujificha papo hapo. Tafiti za mwaka wa 2018 na 2019 zilionyesha kuwa baadhi ya chembe za saratani zikinyimwa ADAR1 hufa.

Burkitt ina ujanja wa ziada. Vile virusi hutoa RNA ndogo ziitwazo EBER, mamilioni katika chembe moja. Katika maabara zimeonekana zikimnasa mlinzi aitwaye PKR asifanye kazi. Mlinzi mwingine, RIG-I, huzitambua na kupiga kelele, lakini uvimbe huzidi kukua.

Dawa za kuzima ADAR1 zingali zinatafutwa. Hata hivyo Burkitt hutibika kwa dawa za siku nyingi kama saiklofosfamaidi, mradi mtoto afike mapema, kwani uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Nilipokuwa daktari mchanga nilimpa mtoto mmoja dawa ya usaha, nikamwambia mama arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi, jicho lilikuwa limesukumwa nje.

Kwa hiyo omba kipande cha uvimbe kikatwe na kupimwa, na uulize siku hiyo hiyo kama mtoto apelekwe hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu.