Je, mtu anaweza tena kwenda Palma kupumzika?

Msikilizaji wa Madimba au Msimbati haoni Palma kama ugenini. Ni mji mdogo wa pwani huko Cabo Delgado, Msumbiji, watalii wachache, samaki wengi. Ukifika unasalimia kwa Kimakonde, Kimakwe au Kiswahili unajibiwa, na wengi wetu tuna shangazi au binamu kule. Ilikuwa mtu anakwenda wiki nzima, kazi yake kula na kulala.

Vita vilianzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Machi 2021 Palma yenyewe ilishambuliwa, watu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi. Julai wanajeshi wa Rwanda waliingia mkoani, na baadaye wakazi wakaanza kurudi Palma. Lakini mashambulizi sehemu nyingine za mkoa hayakuisha.

Kwa hiyo usisafiri kwa kusikia tu. Mpigie kwanza ndugu aliye kule, uliza ofisi ya Uhamiaji, kisha pitia Kilambo kihalali, siyo mtumbwi wa usiku. Ukiambiwa usubiri, Msimbati ipo na haihitaji pasipoti.