Kamera ikifa Lusu, waranti yake iko wapi?

Na Mwandishi Wetu, Nzega

BIASHARA ya picha katika kata ya Lusu, wilayani Nzega, haionekani katika taarifa za soko za kila wiki. Kurasa kama hii huandika bei ya mpunga, alizeti, pamba, asali na dhahabu. Mpiga picha hatajwi. Hata hivyo ni biashara kama nyingine. Ina mtaji, ina msimu, na mtaji wake wote unaweza kufa siku moja bila mwizi kuingia wala nyumba kuungua.

Nayasema haya kwa kuwa niliifanya mwenyewe. Mwaka 2003 mgodi wa Golden Pride, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Resolute ya Australia, ulikuwa ukifanya kazi kwa nguvu. Uzalishaji wake ulianza mwaka 1998 na ulisimama mwaka 2013. Pesa ilizunguka Lusu, na vijana waliotafuta kazi walihitaji picha ndogo za kubandika kwenye fomu. Nikauza mpunga wa misimu miwili, nikapanda basi hadi Kariakoo na kununua kamera ya dijitali kwa Sh. 380,000. Jina la kampuni iliyoitengeneza silitaji, wala la duka. Nilipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono pamoja na kadi ya waranti ya mwaka mmoja iliyopigwa muhuri.

Wenzangu wakati ule walitumia kamera za filamu. Mteja akifumba macho, picha imepotea na filamu imekwenda. Mimi nilimwonyesha mteja picha papo hapo, akikataa nafuta. Betri nne nilizichaji Nzega mjini, na picha nilipeleka kusafishwa Tabora mara moja kwa wiki. Kufikia katikati ya mwaka 2005 kamera ilikuwa imerudisha gharama yake, na kila senti iliyofuata ilikuwa faida.

Februari 2006, mvua zikiwa zimekolea, kioo kilianza kuonyesha rangi ya zambarau. Sura za watu zikawa na mawimbi kama zinatazamwa ndani ya maji. Baada ya siku tatu kioo kikawa cheusi kabisa. Jambo lililonishangaza ni kwamba picha za zamani zilizokuwa kwenye kadi zilifunguka vizuri, bila kasoro yoyote.

Fundi wa Nzega aliifungua, akaniambia bila kuficha: "Kaka, lenzi nzima, kioo kizima. Iliyokufa ni sensa." Wakati huo neno sensa nililijua kwa habari ya kuhesabu watu tu. Alinifafanulia kuwa ni kile kibamba kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga badala ya filamu, na kwamba kukibadili ni gharama kuliko kununua kamera nyingine. Waranti ilikwisha mwaka 2004. Nikamuuzia fundi kamera kama spea kwa Sh. 20,000 na nikarudi kulima.

Mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja wa nguo, ambaye alikuwa akienda Dubai kuchukua mzigo, aliinunua kwa fundi kwa Sh. 60,000. Huko Dubai aliipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni iliyoitengeneza. Waliangalia namba iliyo chini ya kamera, wakaipokea, wakaweka sensa mpya na kumrudishia. Hakuombwa risiti. Hakulipa hata senti.

Oktoba 2007, kwenye mahafali ya shule ya mdogo wangu, kijana wa mfanyabiashara huyo ndiye aliyekuwa akipiga picha. Kamera niliitambua kwa mkwaruzo wa pembeni mwa lenzi. Nikasimama na mdogo wangu, tukapigwa picha, nikalipa Sh. 1,000 kama wazazi wengine.

Kasoro ya kiwandani

Nilipofuatilia ndipo nikafahamu kilichotokea. Mnamo Oktoba 2005 kampuni ya Sony ya Japani ilitangaza kuwa baadhi ya sensa zake za aina ya CCD, zilizotengenezwa kati ya mwishoni mwa 2002 na mapema 2004, zina kasoro. Ndani ya kifuko cha sensa kuna nyaya nyembamba kuliko unywele zinazounganisha kibamba na sehemu nyingine za kamera. Nyaya hizo zilikuwa zikiachia, na zaidi pale kamera inapotumiwa au kuhifadhiwa kwenye joto na unyevu.

Sony haikuwa ikizitumia sensa hizo peke yake. Ilikuwa ikiwauzia washindani wake. Ni sawa na mashine za kusaga za majina matano tofauti ambazo zote zinafungwa bearing moja: bearing ikiwa mbovu, hakuna jina linalopona. Canon, Nikon, Fujifilm, Konica Minolta, Olympus na nyingine zilijikuta katika orodha moja. Kamera kama Canon PowerShot A70 na A75, Nikon Coolpix 3100, na Sony yenyewe DSC-F717 na DSC-V1 zilihusika. Makampuni yalitangaza kuzitengeneza bure zilizoonyesha dalili hizo, hata kama waranti ilikuwa imekwisha.

Hivyo wakati fundi ananiambia "sensa imekufa", tangazo lilikuwa na miezi minne. Lilikuwa katika Kiingereza na Kijapani, kwenye intaneti, na Lusu hakuna aliyelileta. Nami nilikuwa nikiihifadhi kamera kwenye mfuko wa plastiki, chumba cha bati, kiangazi na masika. Joto na unyevu vilikuwa humo humo ndani ya mfuko. Nilidhani naikinga na vumbi.

Msomaji asifikiri mlango huo bado uko wazi. Mipango ile ilikuwa na muda na kamera zenyewe sasa ni za kabatini. Lakini kasoro za namna hii hurudi kwa majina mengine. Leica ya Ujerumani, ambayo kamera zake ni za watu wenye fedha, ilikumbwa na sensa za M9 ambazo kioo chake cha juu kilikuwa kikiliwa na kutu ya aina yake. Mwaka 2014 ilikubali kuzibadili bure bila kujali umri wa kamera. Agosti 2017 ikaweka kikomo. Mwaka 2020 ikatangaza kuwa akiba ya sensa hizo imekwisha. Aliyechelewa hakuwa na pa kwenda hata kwa kulipa.

Ahadi ya duka na ahadi ya kiwanda

Wengi huchanganya mambo haya. Kadi ya duka ni ahadi ya mwenye duka. Akihama au akifilisika imekwenda naye. Waranti ya kiwanda ni ya kampuni iliyotengeneza, lakini mara nyingi inafungwa na nchi au ukanda ambao kamera ilikusudiwa kuuzwa. Kamera iliyoingizwa kwenye begi kutoka ng'ambo inaweza kuwa halisi kabisa na bado wakala wa hapa akaikataa. Ile iliyoitengeneza kamera yangu ni ya tatu: kampuni inakiri kosa na kurefusha dhamana kwa hiari yake. Hiyo hainunuliwi, inasubiriwa habari yake tu.

Ya nne ndiyo inayouzwa sasa madukani, waranti ya nyongeza. Unalipa fedha zaidi ili mwaka mmoja uwe miwili au mitatu. Muuzaji ataitaja wakati umeshatoa pochi.

Je, inalipa kwa mtu wa Lusu? Tufanye mahesabu ya mfano. Kamera ni Sh. 2,000,000 na nyongeza ni Sh. 200,000. Inakufa ndani ya muda, na kituo kiko Dar es Salaam, kilomita zinazokaribia 900. Weka Sh. 100,000 nauli ya kwenda na kurudi, na Sh. 60,000 malazi na chakula. Unaambiwa uirudie baada ya wiki tatu; safari ya pili nayo Sh. 160,000. Katikati kuna Jumamosi tatu za harusi, na kila moja umekodi kamera ya mwenzako kwa Sh. 50,000. Jumla ya matengenezo ya "bure" ni Sh. 470,000. Ongeza bei ya nyongeza, ni Sh. 670,000, yaani thuluthi ya kamera.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam matengenezo hayo hayo ni nauli ya daladala. Waranti moja, bei moja dukani, lakini thamani yake hupungua kila kituo basi linapopita kuelekea magharibi. Njia yenyewe ni kongwe. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tangu Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi na mahitaji kutoka pwani. Leo ni wiki tatu badala ya miezi mitano, na hilo ni jema, ila anayesubiri bado ni wa bara.

Ushauri wangu ni huu: usinunue nyongeza kabla hujauliza kituo kiko wapi, nani analipa usafiri, na kama watapokea kamera kutoka kwa mtu mwingine badala yako. Ukiwa na shemeji au binamu Dar es Salaam wa kuipeleka na kuichukua, safari zote mbili zinafutika na mahesabu yanabadilika kabisa. Kama huna, Sh. 200,000 ni mwanzo mzuri wa kununua kamera ya akiba iliyotumika.

Kabla ya kufunga safari

Wapo waliokwenda hadi Dar es Salaam wakaambiwa ni vumbi. Piga picha ya anga au ukuta mweupe, lenzi ikiwa imebanwa hadi f/16. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali pale pale katika kila picha ni uchafu juu ya sensa. Unasafishwa, na waranti nyingi hazilipii. Nukta moja nyekundu au ya kijani isiyohama ni tundu moja lililochoka. Kamera nyingi zina njia ya kulificha kwenye menyu. Picha ikiwa na mawimbi, zambarau au nyeusi, fungua picha za zamani kwenye kadi. Zikionekana sawa, kioo na kadi ni vizima, na sensa au nyaya zake ndizo za kushukiwa.

Aidha, kuna ugonjwa mpya wa kumbi za harusi. Taa za leza za wapiga disko zikiingia moja kwa moja kwenye lenzi huunguza sensa na kuacha mstari au doa la kudumu. Hiyo ni ajali ya mtumiaji na waranti haihusiki. Ukiona leza inazunguka ukumbini, geuza kamera au weka kifuniko hadi wimbo uishe. Bwana harusi atakusamehe.

Sheria nayo haijamwacha mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mwenye duka auze kitu chenye ubora unaostahili, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda FCC, ina sehemu za kumlinda mlaji. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" chini ya risiti hayapaswi kumnyamazisha mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Lakini madai bila karatasi hayaendi mbali.

Na karatasi yenyewe ina hila. Risiti ya mashine ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto. Ikikaa mwaka mmoja kwenye pochi au juu ya kabati chini ya bati, maandishi hufifia hadi inabaki nyeupe. Unakwenda kudai na kipande cha karatasi tupu. Siku hiyo hiyo unayonunua, itoe fotokopi, na ipige picha kwa simu pamoja na namba iliyo chini ya kamera. Namba ya kamera iandikwe kwenye risiti kabla hujatoka dukani. Muuzaji akikataa, hapo umeshapata habari za duka lake.

Anayetuma kwa basi atoe betri, kadi na mkanda, abaki navyo. Kamera ifungwe kwenye nguo kavu ndani ya boksi gumu, na si mfuko wa plastiki mtupu. Stakabadhi ya kifurushi iandikwe "kamera" na thamani yake, si "mzigo mdogo", maana ukipotea watakulipa mzigo mdogo. Barua fupi iwekwe ndani ikieleza tatizo lilianza lini, na namba ya simu ya mwenye mali. Na itumwe mwanzoni mwa wiki. Kifurushi kinachofika Ijumaa usiku hulala kwenye ofisi ya basi hadi Jumatatu, na wiki tatu zako zinaanza kuhesabiwa tangu siku hiyo.