Kinga ya Mtu Mwingine: Dola ya Kwanza Iende Wapi?

Ukiwa Shabunda, mashariki mwa Kongo, akaja muuzaji na chupa ya vidonge vya transfa fakta akidai vina kinga ya mwili mwingine inayoua kansa, muulize: kinga ya nani? Mwaka 1949 Sherwood Lawrence wa New York, aliyeanzisha wazo hili, alitumia chembe nyeupe za damu ya watu. Vidonge vya leo hutokana zaidi na maziwa ya kwanza ya ng'ombe na kiini cha yai, na havijathibitishwa kuponya kansa yoyote. Bei ya chupa moja hudanganya: utaambiwa uongeze nyingine kila mwezi.

Kinga ya mtu mwingine inayofanya kazi ipo, hasa kwa kansa za damu. Mgonjwa hupandikizwa uboho wa ndugu yake, na kansa ikirudi, anaongezewa chembe nyeupe za ndugu yuleyule. Hapo familia zetu kubwa zina mtaji. Kila ndugu wa baba mmoja, mama mmoja ana nafasi 25 kwa 100 ya kulingana na mgonjwa. Wakiwa sita, nafasi ya kumpata walau mmoja inapita 80 kwa 100. Watoto wa mama mwingine ni nadra kufaa. Ila kwenda kupandikizwa India, kwa mfano, ni makumi ya maelfu ya dola, na mgonjwa atakaa huko miezi.

Na ugonjwa ambao chembe za ndugu zilifaulu zaidi, lukemia sugu ya mayeloidi, tangu 2001 una kidonge chake, imatinibu, kwa kawaida miligramu 400 kwa siku. WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, wagonjwa wameipata. Wengi wakiimeza kila siku hawahitaji pandikizi kabisa.

Tatizo ni kuutambua ugonjwa huo. Huvimbisha bandama, kushoto chini ya mbavu, na kwetu tumbo la namna hiyo huitwa malaria bila kupimwa. Kwa hiyo dola ya kwanza ningeiweka kwenye kipimo cha hesabu kamili ya damu. Chembe nyeupe zikiwa nyingi kupita kiasi, hapo gharama ya kwenda hospitali Bukavu, ambayo si ndogo, ina sababu. Kama shaka ni ya kansa isiyo ya damu, mfano uvimbe wa titi, pesa iende kwenye kukata kipande kikachunguzwe. Ndugu wasubiri kupimwa mpaka daktari wa damu ataje pandikizi mwenyewe.