Mawe Laini ya Kijitoni

Kijana mmoja wa Keroka ameuliza swali ambalo kwanza laonekana si la kipindi cha ibada. Amesikia kwamba ng'ambo watu hung'arisha mawe nyumbani kwa mashine ndogo, naye ataka kujua kama yeye na wenzake wa chama cha vijana waweza kununua moja, wapate cha kuuza sokoni. Nimeona tumjibu, kwa maana Biblia yenyewe imejaa mawe.

Mkumbukeni Daudi katika 1 Samweli sura ya 17. Alipomwendea Goliathi hakuokota jiwe lolote la njiani. Alichagua matano laini, nayo aliyatoa kijitoni. Jiwe lenye pembe haliendi sawa likitoka katika teo. La mviringo hufuata njia yake. Basi ni nani aliyeyalainisha yale matano? Ni maji, mchanga na miaka mingi. Jiwe huanguka kutoka gengeni likiwa kali kama panga, mto hulivingirisha juu ya wenzake, wakasuguana, na pembe zikaisha. Ukishuka mto wetu wa Gucha hata karibu na Ziwa Victoria, utaona jambo hilo kwa macho yako.

Mashine ile huiga mto. Ni kipipa cha mpira chenye kifuniko, kimelazwa juu ya vyuma viwili vinavyozungushwa na mota ya umeme polepole. Ndani hutiwa mawe, makubwa na madogo pamoja, mpaka kipipa kijae thuluthi mbili au zaidi kidogo. Kikiwa kitupu mno mawe hugongana na kupasuka. Kikijaa pomoni hayasogei. Kisha maji, na unga mgumu uitwao silikoni kabaidi, ule ule ulio katika msasa mweusi wa maji. Kwanza unga mnene, kama namba 60; halafu 220; halafu 500; na mwisho unga laini kabisa wa kung'arisha. Kila hatua ni siku saba hivi, usiku na mchana. Mashine hiyo haijui Sabato wala Jumapili (nasema hivi nikijua ndugu zetu Waadventista wanasikiliza).

Kati ya hatua na hatua, kila kitu huoshwa: mawe, kipipa, kifuniko. Punje chache za unga mnene zikibaki katika nyufa za jiwe zaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima, kwa kuwa zitakwaruza siku ile ile mnayotaka mng'ao. Jiwe lenye ufa ni heri kulitoa mapema. Maji machafu yasimwagwe katika bomba, kwani tope lake huganda kama saruji. Chimbeni shimo.

Tena mawe ya kipipa kimoja sharti yawe na ugumu mmoja. Mjerumani Friedrich Mohs aliweka kipimo chake mwaka wa 1812: moja ni ulanga, kumi ni almasi. Lile jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi ni saba. Na jiwe letu la Tabaka, jiwe la sabuni, ni laini sana. Kisu cha jikoni hulichonga. Litieni pamoja na kwatzi, nanyi mtafungua kipipa mkute tope.

Basi kijana wangu, mashine hiyo haifai kwa jiwe lililo karibu nawe. Lakini Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii, watu wamekuwa waking'arisha mawe nyumbani bila umeme tangu zamani. Mchongaji akimaliza, kinyago huingia katika beseni la maji. Akina mama hukaa chini na kukisugua kwa msasa, kwanza mnene, kisha mwembamba, kisha mwembamba zaidi, mpaka kidole kisione alama ya patasi. Hukaushwa juani, kikapakwa nta, kikasuguliwa kwa kitambaa. Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza. Wazee walisugulia hayo.

Maji yale si ya kulainisha tu. Hushika vumbi. Anayesugua jiwe kavu ndani ya nyumba huvuta unga unaokaa mapafuni na kuyatia makovu, na mtoto aliye mgongoni huvuta pamoja naye. Kitambaa puani hakizuii vumbi jembamba hivyo. Nimewaona wanaosugua makavu kwa haraka ya mnunuzi. Haraka hiyo mimi siipendi.

Wala siupendi ujira wao. Elkana Ong'esa wa Tabaka ana kazi yake ya mawe katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris, nasi twajivunia. Lakini ni mara ngapi tumemtaja mama wa beseni? Mchongaji hutoa umbo, na msasa ndio unaomfanya mgeni asimame mezani na kufungua mfuko. Hata hivyo mwenye msasa mara nyingi hulipwa kidogo kuliko wote. Yakobo sura ya 5 yasema juu ya ujira uliozuiliwa, nayo haikuwahusu wakulima peke yao.

Kwa hiyo vijana wa Keroka, anzeni na mawe ya Tabaka yaliyokwisha kuchongwa. Nunueni beseni mbili, msasa wa maji wa namba tatu, nta na vitambaa. Kaeni nje penye upepo, mawe yawe maji muda wote. Na kabla ya kuuza kijisanduku cha kwanza, andikeni katika daftari la chama ni shilingi ngapi za kila kipande zitakwenda kwa aliyesugua.